Kasoro Hakuna

Kijiji kizima cha Mbwezi kilikwisha kuumaliza mchezo wa Sadala, isipokuwa mama yake mzazi. Kaumaliza Saidy, mwenyekiti wa kitongoji. Kaumaliza muuza vocha. Kaumaliza hata Zamda jirani, ambaye ujumbe wa simu huandikiwa na mwanawe. Bwanaheri, baba mtu, kaumaliza mara mbili kwa kauli yake mwenyewe. Majina arobaini yalikuwa kwenye fomu, kila jina na saini yake, na wote wamesema neno lile lile: nimemaliza, kasoro hakuna. Jina la Mashavu tu ndilo halimo.

Si kwamba hakucheza. Alicheza akishachambua mchele, akacheza akisubiri chungu kichemke, akacheza mpaka kidole gumba kikafanya sugu mahali ambapo miaka thelathini ya kusuka mikeka ya ukindu ilikuwa haijafika. Akifika hatua ya tatu, kwenye pengo kubwa la maji, chura anaruka, anakosa, anazama. Na kila akizama Mashavu anarudishwa mwanzo kabisa, kama mtoto aliyefukuzwa shule.

Mchezo wenyewe uliitwa Chura wa Delta. Sadala aliuiga kutoka ule wa zamani wa Chura Mrukaji, uliokuja ndani ya simu za vitufe, watu wakawa wanaucheza huku wanangoja maji yajae wapate kupitisha mitumbwi. Simu zile zimekufa, na chura wake kafa nazo. Wengine walimsahau, lakini Sadala hakumsahau, na alipofika miaka ishirini na minne akaamua kumfufua mwenyewe, peke yake, kwenye kompyuta iliyong'oka vitufe vinne. Chura wake anaruka kutoka mzizi wa mkoko hadi mzizi wa mkoko, anaokota makombe ya simbi, anakwepa kaa, anavuka maji hatua tano mpaka afike mwisho.

Na ulikuwa mchezo mbovu, tusidanganyane. Ukimwamrisha chura aruke, anafikiri kwanza. Kaa anakuua kabla hajakugusa, na pengine akishapita. Simbi zikifika mia zinageuka kuwa deni, kila ukiokota unazidi kufilisika. Mikoko Sadala aliichukua mtandaoni ikiwa tayari imechorwa, nayo ilikuwa miti ya nchi za baridi, iliyochongoka juu. Muziki ni Sadala huyo huyo akiimba kwa pua, akifika katikati anakatika pumzi, anaanza upya. Ukipigiwa simu chura anakufa. Akitumbukia majini anakufa vilevile.

"Chura anakufaje maji?" Mashavu alimuuliza mumewe siku ya kwanza.

"Maji ya chumvi hayo," Bwanaheri akamjibu bila kuinua macho. "Chura gani umemwona wewe baharini?"

Mashavu akaona kweli, akaendelea kufa.

Kilichomnyima raha ni Jumamosi. Kibiti kulikuwa kunafunguliwa kituo cha kufundisha kompyuta, na walitafuta mwalimu msaidizi mmoja tu. Barua yao ilisema kila mwombaji aje na kitu alichokitengeneza mwenyewe, pamoja na fomu ya watu wasiopungua kumi waliokijaribu, kasoro walizoziona, na yeye mwombaji amezifanyia nini. Kwingine kote Sadala alikopeleka barua hakujibiwa hata kwa kukataliwa. Na pale nyumbani, tangu vibali vya kukata mikoko viwe vya kubembeleza, Bwanaheri amekuwa mtu wa kunoa shoka asubuhi na kulirudisha pembeni jioni. Kijana asipoipata kazi ile, atarithi shoka na mahali pa kuliweka. Mashavu alilijua hilo, hakuhitaji kuelezwa.

*

"Mama Sadala, tia jina," Bwanaheri alisema Jumanne, fomu mkononi.

"Sijamaliza."

"Nani kakuuliza kama umemaliza? Nimesema tia jina."

"Fomu ndiyo inauliza. Hapa. 'Umemaliza?'"

"Andika ndiyo. Watu arobaini wameandika ndiyo, mkono wa nani umekatika?" Akashusha sauti, kwa kuwa Sadala alikuwa nyuma ya nyumba. "Mama wa mtu jina lake halimo. Watu watasemaje?"

"Watasema nina vidole vizito."

"Wameshasema," alisema Bwanaheri.

Neno hilo lilimwingia. Mashavu ndiye msusi ambaye mikeka yake huulizwa kwa jina mpaka soko la Kibiti, na vidole vyake, kama ana cha kujivunia duniani, ndivyo hivyo. Sasa vimeshindwa na chura. Akairudisha fomu bila kuitia jina, akainamia ukili wake wa mkeka.

Alasiri Zamda akaja kumsaidia kusuka, au tuseme alikuja kumfariji, maana hakushika ukindu hata mmoja.

"Shoga, lile pengo si la nguvu," akasema. "Unavuta pumzi, unasema bismillahi, unabonyeza."

"Nimesema bismillahi mpaka naona haya."

"Basi ni nia."

"Na mwisho wake pana nini?"

Zamda akatazama darini kidogo. "Jumba. Jumba la ghorofa, na bustani."

Mashavu akaguna. Juzi muuza vocha alimwambia mwisho pana bahari tupu na jua kubwa. Saidy naye akamwambia ni ngazi ya dhahabu, akapanda nayo kwa mikono hewani ili aelewe. Mashavu, masikini, akadhani mwanawe katia mwisho wa kila mtu kwa riziki yake. Akawa anajiuliza wake utakuwaje, akijaaliwa kuuona.

Lakini mbele ya Sadala mwenyewe hakuna aliyetaja jumba wala ngazi. Akiwauliza, walimwambia, "Mwisho mtamu, mwanangu, ila tusiuseme, kuna ambao hawajafika." Na hapo humtazama Mashavu kwa huruma. Kijana anatikisa kichwa, anaandika jina jingine, anaondoka kanyong'onyea kidogo. Mama yake alidhani ni uchovu.

*

Jumatano baada ya chakula cha mchana Mashavu alikufa mara ya mia tatu na kumi na mbili. Hakuwa akihesabu kwa makusudi. Msusi huhesabu tu, hata akipita njiani huhesabu miti. Na katika kuhesabu kule akagundua jambo: chura wake anazama pale pale. Hajawahi kuangukia mbele kidogo wala nyuma kidogo.

Akauweka ukili chini. Mtu akikosea, hukosea leo hapa, kesho pale. Mkeka ukienda upande kila siku pahala pamoja, basi kosa haliko kwenye vidole, liko kwenye ukindu. Huyu chura alikuwa na kasoro ya ukindu.

Akachagua ukindu mwembamba, mkavu usiovutika. Picha ya kila hatua imesimama, ni chura tu anayesogea, kwa hiyo kuipima haikuwa taabu. Akamrusha chura kwenye tambarare, akalaza ukindu juu ya kioo kuanzia aliporukia hadi alipotua, akaukata kwa meno. Akaupeleka kwenye pengo la kwanza: ukavuka, ukabaki. La pili: ukavuka kwa shida. La tatu: haukufika. Ulipungua kama upana wa kucha ya kidole kidogo. Akapima tena na ukindu mwingine, asije akamsingizia mtoto. Ukapungua vilevile.

Furaha ikamjaa kwanza, Mwenyezi Mungu amsamehe. Akavitazama vidole vyake kama wageni waliorudi kutoka safari. Kisha akakumbuka majina arobaini, saini arobaini, jumba, bahari, ngazi ya dhahabu, akacheka peke yake mpaka kuku wakatoka kivulini. Cheko lilimkatikia alipomfikia mumewe. Yeye kamaliza mara mbili.

Alimkuta Bwanaheri nyuma ya nyumba akigonga banda la kuku.

"Baba Sadala, pale mwisho pana nini?"

"Mwisho wapi?"

"Kwenye gemu la mwanao. Wewe umefika mara mbili."

Bwanaheri akagonga msumari uliokwisha kuzama. "Pazuri."

"Pazuri vipi?"

"Pazuri pa kawaida tu."

Mashavu hakubishana naye. Akaipakata simu, akacheza mpaka hatua ya tatu, akalaza ukindu juu ya pengo, akamwonyesha. Sasa Bwanaheri ni mtu aliyekata boriti umri wake wote. Fimbo ikiwa fupi kwa inchi moja huijua kutoka ng'ambo ya mto. Aliutazama ule ukindu mara moja, akaweka nyundo chini.

"Fupi," akasema.

"Ulijua?"

"Nilijua siku ile ile ya kwanza." Akaketi juu ya gogo. "Alikaa mbele yangu, mikono kaikunja hivi, anakitazama kidole changu. Chura akifa ananiangalia usoni. Akifa tena ananiangalia. Mke wangu, mimi nimekaa mbele ya daktari nikingoja majibu, najua macho yale. Nikaigeuza simu asione, nikasema nimemaliza. Akauliza, 'Umefika mwisho kabisa, baba?' Nikasema kabisa. 'Umeona?' Nikasema nimeona."

"Umeona nini?"

"Sijui. Akasimama, akangoja kidogo, akaenda zake. Kesho yake akauliza tena, nikasema nimemaliza mara ya pili. Ndiyo hiyo mara mbili yangu."

Mashavu alikuwa kaja na hasira kamili, akajikuta hana pa kuiweka. "Inabidi aambiwe."

"Asiambiwe. Wale wa Kibiti watacheza hatua ya kwanza, watachoka wenyewe. Watu wa ofisini wana muda gani?"

"Na wasipochoka? Aaibike mbele za watu? Mficha uchi hazai, Baba Sadala."

"Sisi tulishazaa," akasema Bwanaheri, akachukua nyundo yake.

*

Alimwambia Alhamisi asubuhi. Hakuzunguka. Sadala alikuwa ameketi penye paneli ya jua akichaji kompyuta, na mama akamketia mbele, akamwambia, "Mwanangu, pengo la hatua ya tatu halivukiki. Nimelipima."

Sadala akacheka kwa adabu, cheko ambalo vijana huwachekea mama zao kwenye mambo ya mitambo. Akafungua kompyuta, akambonyezea: chura akaruka, akavuka, akabakiwa na nafasi.

"Umeona, mama?"

"Nimeona. Sasa shika simu yangu."

Akashika. Chura akazama. Akajaribu tena, akazama. Mara ya tisa cheko lilikuwa limeisha usoni mwake. Akaweka simu na kompyuta bega kwa bega, akavitazama kwa zamu, halafu akashika kichwa. Mruko wa chura ulifuata mwendo wa mashine. Kompyuta ina mwendo, chura anaruka mbali. Simu za bei nafuu za kijijini zinajikongoja, na chura naye anajikongoja. Yeye tangu mwanzo alijaribia kwenye kompyuta, na kompyuta kijiji kizima ilikuwa hiyo moja.

"Watu arobaini, mama," akasema. "Arobaini wamenitilia saini."

"Wanakupenda."

"Wote?"

"Wengine wanakupenda. Wengine waliona haya kushindwa na chura."

"Na mimi naenda kusimama Kibiti na karatasi ya uongo, mtu akinicheka sijui hata anachekea nini." Alikuwa mtu mzima, ana ndevu, na Mashavu alitamani amchukue mapajani kama zamani. Kisha kijana akainua kichwa taratibu. "Kwa hiyo baba naye hajafika mwisho?"

"Hajawahi kuvuka pengo."

"Hata siku moja?"

"Hata siku moja. Usimlaumu, alikuonea huruma."

Sadala akaziba mdomo kwa kiganja. Mashavu akadhani analia, kumbe anatabasamu, tena tabasamu la mtu aliyeteremshwa mzigo. Akamhofia akili.

"Nilidhani ameona akanyamaza," akasema Sadala.

"Ameona nini?"

"Hakuna kitu, mama. Niambie kasoro nyingine. Zote, usinionee huruma."

Aliyetaka asionewe huruma alikuwa hajamjua mama yake. Mashavu alianza na chura anayefikiri kabla ya kuruka, akaja kwenye kaa, akaja kwenye simbi zinazofilisi, akaja kwenye miti. "Mkoko gani huu umechongoka? Baba yako akiuona usingizini ataweweseka." Akasema maandishi ni makubwa, yanatoka nje ya kioo. Akasema muziki unaumiza sikio. Kufikia ya kumi Sadala alikuwa hatabasamu tena, anaandika tu, jasho linamtoka. Adhuhuri ilipoadhiniwa zilikuwa kumi na saba. Akatoa fomu mpya, akamwomba mama atie saini, na Mashavu akaandika jina lake kwa mara ya kwanza, herufi kubwa.

Siku moja na nusu haitoshi kutengeneza vitu kumi na saba. Sadala aliliziba pengo, akawatia adabu kaa, akazirudishia simbi hesabu yake. Mengine yalibaki. Ijumaa baada ya sala Bwanaheri alipoambiwa pengo limezibwa, akafurahi kupita kiasi.

"Basi mambo yamekwisha. Fomu ya watu arobaini iache ilivyo. Si sasa linavukika? Saini zimetangulia tu."

"Baba, hao hawakumaliza."

"Wanaweza kumaliza. Tofauti iko wapi? Wale wanataka majina kumi, wewe ya kwako ya kweli unalo moja. Jina moja, mwanangu, tena la mama yako. Watakufukuza mlangoni."

Sadala alizitia fomu zote mbili begini, na Mashavu hakujua ni ipi itakayotoka.

*

Jumamosi walifika Kibiti na msafara. Saidy alikuja kama kiongozi, Zamda alikuja kama shahidi, na muuza vocha alikuja kwa sababu wenzake wanakuja. Ukumbi ulikuwa na viti vya plastiki na luninga kubwa mbele, na mkuu wa kituo, Mwalimu Aika, mwanamke wa Rombo mwenye miwani iliyofungwa kwa uzi. Watu wa pwani walikwisha kuonywa juu yake. Walisema ana roho nzuri ila hajui kuzungusha maneno.

"Nimesoma fomu kumi na moja tangu asubuhi," akasema Mwalimu Aika. "Zote zimeandikwa kasoro hakuna. Kibiti nzima na delta yake haina kasoro hata moja. Nashangaa vitu vyetu huwa vinaharibikaje. Sadala Bwanaheri, njoo."

Sadala akaenda. Akafungua begi. Mashavu aliona fomu ya watu arobaini ikitoka nusu, akaona Bwanaheri akiitikia kwa kichwa, kisha ikarudi ndani. Ikatoka ile ya jina moja. Bwanaheri akafumba macho.

"Mtu mmoja?" akauliza mwalimu. "Tuliandika kumi."

"Walikuwepo arobaini, mwalimu. Fomu yao sikuitoa."

"Kwa nini?"

"Waliandika wamemaliza. Hakuna aliyemaliza."

Zamda akaanza kujitengeneza kanga ambayo haikuwa na tatizo lolote. Saidy akakohoa kikohozi cha uongozi. Mwalimu Aika alikuwa hawatazami, alikuwa anasoma, na midomo yake inacheza.

"Mashavu ni nani?"

"Mimi," akasema Mashavu, akasimama.

"Wewe ndiye uliyeandika muziki unaumiza sikio la kushoto?"

"La kulia halisikii vizuri, mwalimu. Nisingependa kulisingizia."

Ukumbi ukacheka. Mashavu akaona uso unawaka. Mwalimu Aika hakucheka. Akauliza, "Na katika waliosema wamemaliza, kuna yeyote hapa?"

Muuza vocha alikuwa anasoma maandishi ya mlangoni, 'Vua viatu', akayasoma tena na tena. Ndipo kiti kikalia, na Mashavu akageuka akamwona mumewe kasimama, kofia mkononi.

"Mimi nilisema," akasema Bwanaheri. "Mara mbili."

"Mzee ni nani wake?"

"Baba yake."

"Basi njoo umalize leo, tukuone."

Simu ikaunganishwa na luninga, na chura akatokea mkubwa kama mbuzi, pua ya Sadala ikaimba ukumbi mzima. Bwanaheri akafa hatua ya kwanza mbele za watu. Akafa tena. Kijana mmoja nyuma akasema "mzee kapoteza network," wenzake wakamcheka, na Bwanaheri akafuta mkono kwenye suruali, akaanza upya. Hakuna aliyemlazimisha kuendelea. Mashavu alitaka amwambie basi, rudi ukae, lakini akajua hilo ndilo aliloambiwa yeye wiki nzima.

Hatua ya kwanza ikapita, na ya pili. Pengo la tatu likafika, na Mashavu akaona watu wa Mbwezi, mabingwa wote, wanasogea mbele ya viti vyao. Chura akafikiri, akaruka, akavuka. Zamda akamshika Mashavu mkono kwa nguvu, akasahau kabisa kwamba yeye alikwisha kupita hapo. Ya nne ilikuwa ya matope matupu. Ya tano ilikuwa fupi, imeharakishwa, na kaa wawili wamegota hewani. Chura akawapita chini, akafika.

Hakukuwa na jumba, wala bahari, wala ngazi. Palikuwa na nyumba ya makuti, lundo la boriti kando yake, na mtu amesimama mlangoni, kofia ya buluu kichwani, shoka begani. Chura akamwendea, akamkalia miguuni, akatulia. Maandishi yakatokea juu, makubwa kuliko kioo: UMEFIKA NYUMBANI. ASANTE BA. Mengine yalikuwa nje.

Kofia ya buluu ndiyo ile ile aliyokuwa kaishika Bwanaheri mkononi. Hapo Mashavu akaelewa mwanawe alikuwa anangoja nini alipouliza 'Umeona?', na kwa nini aliondoka kanyong'onyea kila alipoambiwa mwisho mtamu. Mwezi mzima kijana aliamini baba yake amelisoma lile neno, akaona si kitu cha kusemea. Moyo ulimuuma Mashavu, akawachukia watu arobaini wote, akaanza na yule anayelala naye kitanda kimoja, na saa ile ile akamhurumia kuliko wote.

Bwanaheri alikuwa hatikisiki, simu mkononi, anaitazama luninga. Sadala anatazama vidole vya miguu yake.

Mwalimu Aika akachukua fomu, akachukua kalamu. "Mzee, sasa umemaliza kweli?"

"Nimemaliza."

"Kasoro?"

Mashavu alikwisha kulijua jibu. Alilisikia mwezi mzima, na aliiona midomo ya mumewe ikijiweka tayari kulisema, kwa kumsitiri mtoto kama siku zote. Midomo ikafunguka, ikafunga. Bwanaheri akajishika chini ya kidevu.

"Shingo," akasema. "Mimi nina shingo. Huyu hana."

Watu wakatazama. Kweli, kichwa kilikuwa kimekaa juu ya mabega moja kwa moja.

"Kumi na nane," akaandika Mwalimu Aika. "Nyingine?"

"Mguu mmoja hauko chini. Na shoka halibebwi hivyo, nitajikata sikio. Na zile boriti zimepangwa na mtu ambaye hajawahi kukata hata moja, zitaporomoka." Hakuacha, na Sadala alikuwa kachukua kalamu kwa mwalimu anaandika mwenyewe, haraka haraka, kichwa chini.

Mwalimu Aika akavua miwani. "Mchezo huu ni mbovu kuliko yote niliyoiona leo," akasema. "Na fomu hii ndiyo pekee niliyoisoma mpaka chini. Miezi mitatu ya majaribio, kijana. Jumatatu saa mbili uwe hapa, tutaanzia kwenye shingo ya mzee."

Saidy akaanza kupiga makofi, kama kawaida ya viongozi, na wenzake wakafuatia. Bwanaheri akainua mkono wanyamaze.

"Sijamaliza," akasema. "Ile asante imekatika. Mwambieni aiandike yote."

Sadala akaandika. Ilikuwa ya ishirini na mbili.